Moto wa Maige

Maige alichoma dhahabu Geita miaka kumi na miwili, kwa hiyo alidhani kila moto ni wake. Mwaka 1994 Bwana Narendra, mwenye kiwanda chetu cha mafuta ya pamba hapa Shinyanga, alimkabidhi tanuri la maabara. Mimi Mbuke, mama yake Boaz, niliyesomea kemia, nikaambiwa nimsaidie kupima!

Humo tulichoma kichocheo: unga wa udongo mweupe uliobeba chembe za nikeli na shaba. Ukichomwa sawasawa, unayafanya mafuta yagande, yauzike kwa kopo. Maige akapandisha moto hadi digrii mia saba. Nilimpigia kelele.

"Mama Boaz, moto mkali ndio unaokusanya mali," alisema.

"Dhahabu unataka ikusanyike iwe tonge moja. Hizi chembe zikiungana zimekufa! Zinatakiwa zitawanyike, mafuta yaguse kila moja."

Alicheka. Nusu pipa la unga likaharibika, na mafuta ya siku mbili yakagoma kuganda.

Jumatatu Bwana Narendra aliniwekea barua mezani. Ilisema mimi ndiye niliyekosea vipimo. Nisaini, la sivyo niondoke. Niliiacha pale pale, nikaenda maabara. Nikachota unga mbichi vijiko viwili. Kimoja nikakichoma kwa moto wa Maige, kingine kwa moto wangu, ambao ulinichukua miezi mitatu kuupata, kisha nikavijaribu kwenye mafuta. Alasiri makopo mawili yalikuwa mbele ya Bwana Narendra na Maige. La Maige lilimwagika. Langu nililipindua juu chini, halikutoa hata tone.

Maige akachukua kitambaa, akafuta meza.

"Haya, nusu iliyobaki choma wewe," Bwana Narendra alisema. "Lakini barua saini tu, mama. Maige ni mtu wangu wa siku nyingi."

"Sisaini."

"Utakula nini?"

"Nilikuwa nakula kabla sijakujua wewe na nikeli yako." Nikavua koti jeupe, nikamtupia Maige.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni Bwana Narendra alipouliza, sauti imeshuka, "Ni digrii ngapi?"

"Ichane barua kwanza."

Aliichana mara moja, akanitazama. Nikasubiri. Akaichana tena na tena, vipande vikaanguka sakafuni, Maige bado ameshika koti langu.

"Mia tatu na hamsini," nikasema. "Na tanuri nalishika mimi."