Maji Safi ya Kwa Mama

Mkurugenzi alikuwa na kituo cha mafuta chenye pampu mbili, moja mbovu. Cheo hicho alijipa mwenyewe, na wafanyakazi wake hawakumpinga kwa kuwa wote walikuwa wapwa zake.

Uani mwa kituo kulikuwa na mashimo matatu membamba yaliyofika hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, kila moja likiwa na bomba na kifuniko. Kila baada ya miezi michache mpimaji alikuja kuchota maji humo, kuangalia kama matangi yanavuja. Mara ya mwisho, maji ya shimo la karibu na ukuta yalinuka petroli. Mpimaji alisema bila kupepesa macho kwamba yakinuka tena, kituo kinafungwa na matangi yanafukuliwa.

Mtu mwingine angekagua matangi. Mkurugenzi, kwa akili zake nyingi, aliamua kuyasafisha maji kwa kumimina mengine shimoni.

Ya bomba la mjini aliyakataa. Yana dawa, mpimaji angeyagundua. Lakini nyuma ya ukuta aliishi mama yake, na mama alikuwa na kisima. Maji ya ardhini kwa maji ya ardhini, nani angetofautisha? Alinunua ndoo mpya, akachota kwa mikono yake mwenyewe, akamimina shimoni mpaka likashiba. Kunusa hakunusa. Pua yake ilishastaafu kwa kushinda na petroli. Hata manukato ya mkewe aliyasifu kwa kukisia.

"Mwanangu," mama alimwita kutoka mlangoni, "hata yale majani ya chai uliyoniletea juzi ni yale yale. Chai inanikereketa koo."

"Nitakuletea mengine, mama."

Alikuwa mwana mwema sana. Alishambadilishia majani, sukari, hata sufuria.

Kesho yake mpimaji akafika, mwanamke mwenye buti na uso usiochekacheka. Akateremsha utepe wake wa kupimia kina shimoni, akausoma, akausoma tena.

"Bosi, kiangazi kimekausha kila mahali. Shimo lako limejaa. Limenyeshewa peke yake?"

"Baraka tu," alijibu mkurugenzi.

Mpimaji akaunganisha pampu yake ndogo, akaanza kuyatoa yale maji na kuyamwaga kwenye pipa. Mkurugenzi akasogelea pipa.

"Mbona unayamwaga?"

"Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Tunatoa kwanza yaliyolala bombani, tunapima yanayoingia baadaye."

Kumbe! Miaka yote hiyo mpimaji alipokuwa akifanya kazi, yeye alikuwa ofisini akijifanya ana shughuli. Ndoo zote zile, na mgongo wake wote ule, vinaishia pipani! Uchungu ukamfungua mdomo.

"Lakini hayo ni masafi! Nimeyatia mwenyewe, sawa, nimekosa, ila ni masafi kabisa! Ngoja nikuoneshe."

Akakimbia kuleta ile ndoo mpya iliyobaki na maji, shahidi wake wa kuaminika. Mpimaji akajaza chupa, akaitikisa, akasogeza mdomoni mwa chupa kifaa chake cha kunusa mvuke. Kifaa kikapiga kelele.

"Ndoo ilikuwa na petroli?"

"Mpya! Lebo hii hapa."

"Ulichotea karibu na pampu?"

"Hata sikukaribia! Nimechota kule kwa..."

Akageukia ukuta wa mama yake. Alikuwa amejitetea vizuri mno, mpaka pakabaki mahali pamoja tu pa kulaumiwa.

"Nani anakunywa maji hayo?" mpimaji akauliza, safari hii taratibu.

Mlango wa ukutani ukafunguka. Mama akaingia na sinia, vikombe vikifuka mvuke.

"Jua lote hili hamjatia kitu tumboni! Karibuni chai."

Mkurugenzi akalipokea sinia kabla mpimaji hajanyoosha mkono. Akakileta kikombe puani. Hakusikia chochote. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa ajili ya kituo.

"Mama, leo umeshakunywa?"

"Tangu asubuhi. Nakohoa nayo hivyo hivyo."

Akaimwaga chai yote chini. Kisha akatoa funguo za kituo mfukoni, akamkabidhi mpimaji.

"Funga," akasema. "Funga sasa hivi."

Mama alimtazama, akatazama na chai yake iliyokuwa ikinywea mchangani.

"Kwani majani ni mabaya tena, baba?"