Mama, Angalia Kamera

Zuhura aliupenda ule waya kuliko hata kamera yenyewe. Ulitoka kwenye kamera ukaingia kwenye laptopu, na laptopu aliielekeza makusudi upande wa wateja, ili kila akipiga wajione papo hapo, wakubwa, watamani, wachukue picha tano badala ya moja. Pale Runzewe hakuna studio nyingine iliyokuwa na ujanja huo.

Jumamosi ile ujanja ulimtokea puani.

Apolinari na mkewe Anisia waliingia moja kwa moja kutoka kanisani. Ndoa yao ilikuwa imebarikiwa asubuhi hiyo, baada ya miaka ishirini na saba ya kuishi pamoja, na hawakuwa na picha hata moja ya wawili. Tangu baruti imlipukie ndani ya shimo la dhahabu kule Mwakitolyo, shavu la kushoto la mzee lilikunjamana mpaka sikioni, na habari za kamera hakutaka hata kuzisikia.

"Leo umeniahidi, Baba Paschal," Anisia alimwambia. "Moja tu."

Zuhura akapiga. Uso ukajaa kwenye kioo cha laptopu, kovu na vyote. Apolinari akauona, akageuza shingo. Picha ya pili akainama. Ya tatu akaziba shavu kwa kiganja. Na mke naye, kila picha macho pembeni!

"Mama, angalia kamera," Zuhura alisema kwa mara ya nne, sauti ikianza kukwaruza. Mmoja anaficha uso, mwingine anaficha macho. Hapo atoe picha gani?

"Imetosha." Apolinari aliinuka, akachukua kofia yake. "Mama Paschal, nisamehe. Nimeshindwa."

Anisia alibaki akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, na Zuhura, pamoja na hasira zake zote, alimwonea huruma. Akaenda kwenye laptopu kufuta zilizoharibika. Akafungua ya kwanza, kidole tayari.

"Ngoja. Usiifute hiyo."

"Imeharibika, baba. Mama hakuangalia kamera."

"Iache tu, mwanangu."

Apolinari akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Safari hii hakulitafuta shavu lake. Alikuwa akiangalia macho ya mkewe, nayo yalikuwa yametua palepale kwenye kovu. Anisia alikuwa akitabasamu, kama mtu aliyemwona mgeni wake akishuka kwenye basi. Akaomba ya pili. Ya tatu. Zote hivyo hivyo.

"Siku zote unaniangalia hivi?"

"Sasa nikuangalieje?" Anisia akasema.

Mzee akaiweka kofia chini, akarudi kukaa kando ya mkewe, akainua uso wote.

Zuhura akashika kamera. Hakumwambia Anisia aangalie popote.