Mbegu za Mama Miche

Mama Miche alipofariki, mumewe, fundi viatu, hakujua hata chumvi inakaa wapi. Miaka thelathini mkewe alikuwa akiotesha miche ya saladi uani na kuiuza sokoni, naye fundi akishona soli barazani, kila mtu na lake. Wiki ya tatu baada ya mazishi, akipekua kabati, akakuta bahasha ya mbegu ambazo marehemu alizikausha kwa mkono wake mwenyewe. Akajiapiza kwamba hizo hazitapotea.

Akajaza udongo kwenye trei, akachimba vishimo vya kina cha kidole, akamaliza bahasha yote, akafukia na kushindilia barabara. Trei akaiweka jikoni, ubavuni mwa jiko, mbegu zipate joto. Kila asubuhi alimwagilia, akainama kutazama. Siku ya kumi na nne udongo ulikuwa vilevile, haujapasuka hata ufa.

Binti yake alipokuja kumjulia hali, aliuchokonoa kwa ukucha.

"Baba, mbona umezizika?"

Neno lile lilimchoma mzee. Binti naye akalisikia, akajishika mdomo.

"Si nimezipanda? Mbegu si inafukiwa?"

"Mahindi, sawa. Hizi ni ndogo mno, bila mwanga haziamki. Mama alikuwa anazinyunyiza juu juu, anazigandamiza na kiganja, basi. Na joto la jikoni ndiyo kabisa, zinagoma. Yeye aliziweka chini ya dirisha la stoo, kwenye ubaridi."

"Nilidhani ni uvivu," mzee akasema. "Nikawa namtania, mama watoto, hata kufunika mbegu unachoka?" Akaivuta trei karibu yake. "Angeniambia tu."

"Alikuambia, baba. Mara ngapi, mimi nikiwepo! Ukawa unaitikia 'ehee, ehee' huku unagonga misumari."

Mzee akatandika gazeti sakafuni.

Wakaumwaga udongo juu yake, wakazitafuta mbegu moja moja. Nyingi zilikuwa zimeoza. Zilizosalimika wakazitandaza juu ya udongo mpya, wakaipeleka trei stoo, chini ya dirisha.

Baada ya siku sita mzee akapiga simu.

"Zimetoka nne."

"Nne si haba, baba."

"Ni haba," akasema. "Alikuwa amejaza bahasha nzima."

Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia, simu ikiwa bado sikioni, na binti hakuikata.