Kisanduku cha Shangazi

Mti wa ukoo wa Fundi ulikuwa mzuri kuliko yote ukutani, na mwenyewe alijua. Mistari yake ilinyooka kama bomba lililolazwa kwa pimamaji. Shule aliiacha mapema, kabla hata hajaelewana na hesabu za kugawanya, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kubandika kazi ya mkono wake ukutani. Siku ya wageni ilibandikwa, tena mkabala na mlango, ili kila mgeni wa Chama cha Nasaba akutane nayo kwanza.

Chama kilikutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, chumba cha viti vya plastiki na feni moja inayolalamika kuliko inavyozunguka. Fundi hakuja kutafuta mababu. Aliitwa kurekebisha sinki linalovuja, akamsikia Mwalimu, mzee mstaafu mwenye sauti ya kengele, akifundisha jinsi ya kumhoji mzee bila kumlisha maneno. "Ukishauliza, funga mdomo," Mwalimu alisema. "Mzee akinyamaza, na wewe nyamaza. Habari yenyewe iko nyuma ya huo ukimya." Fundi akakaa kiti cha mwisho, spana mkononi.

Somo lilipoisha, Mwalimu akamwangalia. "Sinki limepona?"

"Limepona zamani. Nasikiliza."

"Basi karibu chamani. Ila hilo dude liweke chini, wenzako wanadhani umekuja kuwadai."

Tangu siku hiyo hakukosa. Alijifunza kubandua picha ya zamani kwenye albamu kwa uzi mwembamba, bila kuichana. Alikwenda na wenzake makaburini, akajifunza kuliosha jiwe kwa brashi laini na maji matupu, kisha kusimama upande hadi jua limulike herufi zilizofutika. Nyumbani aliongea habari za nasaba mpaka mkewe akamwambia, "Mume wangu, walio hai nao wanataka kula."

Kisha likaja somo la kuchora mti. Kila mtu ana kisanduku chake. Aliyekufa, kisanduku chake kinafungwa pande zote, na chini yake unaandika nani alimzika. Aliye hai, kisanduku chake kinaachwa wazi upande wa chini, kwa sababu, kama alivyosema Mwalimu, habari zake hazijaisha. Na kila mzee mwenye kisanduku kilicho wazi, lazima mwanachama aende akakae naye na kumhoji kabla ya siku ya wageni. Hakuna kumchora mtu hai kwa kumsikia tu.

Hapo ndipo Fundi alipokwama. Alikwama kwa shangazi yake.

Mama yake alipofariki, shangazi huyu, dada wa baba, ndiye aliyemchukua. Walilala godoro moja, kichwa huku miguu kule. Alipoacha shule, shangazi ndiye aliyemshika mkono hadi kwa fundi bomba mmoja mkali, akasimama mlangoni pa karakana tangu asubuhi, akikataa kuondoka mpaka yule bwana aseme ndiyo. Ufundi wote alionao Fundi ulianzia kwenye miguu ya yule mama iliyovimba kwa kusimama.

Akapata kazi, akaoa, akahamia upande mwingine wa mji. Mwanzoni alikuwa akienda kumwona. Baadaye akawa anatuma salamu. Baadaye salamu zikakosa wa kuzipeleka. Alisikia shangazi amehama, akasema atamtafuta. Leo, kesho, keshokutwa. Na aibu ina tabia ya mdai: kila unavyoichelewesha, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kukutana nayo njiani. Siku moja mkewe akamuuliza mezani, "Hivi yule shangazi yako aliyekulea, mbona hatumwoni?" Mdomo wa Fundi ukajibu kabla hajautuma: "Alishafariki." Mke akaweka kijiko chini, akamlilia mtu asiyemjua, akamlaumu mumewe kwa kutomwambia. Fundi akasema alikuwa kazini mbali. Akaendelea kula.

Kwa hiyo kalamu ilipofika kwenye kile kisanduku, ilisimama. Akikiacha wazi, itambidi amtafute shangazi, agonge, aingie, akae mbele yake na kinasa sauti, amuulize maswali kama mtu mwema. Akivuta mstari mmoja mfupi upande wa chini, yameisha. Akauvuta. Chini yake akaandika: alizikwa na ndugu.

"Ndugu gani?" Mwalimu alimuuliza alipokagua.

"Wa upande wa pili."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akasifu unyoofu wa mistari.

Siku ya wageni chumba kilijaa. Desturi ya chama ni kwamba kila mwanachama anasimama kando ya mti wake na kuueleza kwa kila anayekuja. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkewe alikaa mstari wa mbele, akiwaonyesha majirani: "Ule pale, ule mkubwa, ni wa mzee wangu."

Mwanachama mmoja, mama mchangamfu waliyemwita Mama Kinasa kwa sababu ya kile kinasa sauti alichozunguka nacho mitaani kurekodi wazee, alichelewa. Alipoingia, alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mwembamba, aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani na kutembelea fimbo.

"Fundi!" Mama Kinasa aliita, chumba kizima kikasikia. "Nimekuletea mgeni! Nilikuwa namrekodi huyu mama, ananisimulia mtoto wa kaka yake aliyemlea, fundi bomba, kichwa kama boga. Nikajiambia, hilo boga mbona nalijua!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Shangazi alikuwa amezeeka, lakini alikuwa yeye, na ile namna yake ya kumwangalia mtu kwanza usoni, kisha viatuni.

"Shikamoo shangazi," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kumbe chakula kipo, ni njia tu ndiyo iliyopotea." Akampapasa shavu, akacheka, machozi yakimlengalenga. "Mama huyu kaniambia umechora ukoo mzima. Nikasema, basi hakunisahau. Mtu anayekuchora hajakusahau."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe alikuwa ameshainuka na kuja karibu.

"Shangazi yupi huyu?" alinong'ona.

"Mwingine."

"Una mashangazi wangapi?"

"Baadaye, mke wangu."

Mwalimu akagonga meza, akawaeleza wageni namna ya kuusoma mti. Aliyefungwa pande zote ametangulia, aliye wazi chini yu hai, na walio mstari mmoja ni ndugu wa rika moja. Alieleza polepole, akarudia, maana alikuwa mwalimu wa kweli. Fundi aliomba umeme ukatike. Lakini ilikuwa mchana, madirisha yote yalikuwa wazi, na umeme haukuwa na la kumsaidia.

Shangazi akaletewa kiti mbele ya ule mti mzuri. Akainua fimbo. "Haya. Mimi ni yupi?"

Bado palikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Fundi aliiona, ikapita. Akanyoosha kidole kwenye kisanduku kilicho wazi, cha dada yake mdogo aliyeolewa mbali. "Huyu hapa, shangazi."

Bibi akasogea, akafinya macho. Kusoma maandishi madogo macho yalishamkatalia, lakini mistari aliiona. Akatabasamu. Kisha tabasamu likapungua.

"Wewe, hebu. Mbona nimening'inia chini ya baba yako? Mimi nilimbeba baba yako mgongoni. Leo unanifanya binti yake?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Jirani mmoja akasema, "Fundi, umeunga bomba vibaya!"

"Ni... karatasi ilikuwa ndogo, shangazi."

"Karatasi ndogo! Imefunika ukuta." Fimbo ikapanda, ikapita kwa babu na bibi, ikashuka hadi kwenye mstari wa baba yake. "Hawa ndio watoto wa mama yangu. Kaka yangu mkubwa, kafungwa, Mungu amrehemu. Baba yako, kafungwa. Na huyu wa pembeni ni nani? Maana mama yangu alizaa watatu tu."

Fundi alinyamaza. Shangazi naye akanyamaza, akangoja. Feni ikalalamika. Mwalimu aliyewafundisha wote kungojea ukimya alikuwa amesimama nyuma, naye hakusema kitu.

"Kafungwa pande zote," shangazi akasema. "Au ni macho yangu?"

"Si macho yako."

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

Mkewe akavuta pumzi kwa sauti. "Huyu ndiye yule niliyemlilia?"

Shangazi akamgeukia, kwa upole kabisa. "Ulinililia, mwanangu? Asante. Hatujuani hata." Kisha akamrudia Fundi. "Haya, niambie. Nilikufa na nini?"

"Shangazi, nisamehe..."

"Nauliza tu. Mtu hapati nafasi hii kila siku. Niliugua sana?"

Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akakohoa.

"Hapo chini pameandikwa nini?"

"Alizikwa na ndugu."

"Ndugu yupi? Ndugu niliyebakiwa naye hapa mjini ni wewe. Ulinizika wapi, basi? Watu walikuja wengi?" Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ileile aliyokuwa akiitumia zamani kumuuliza kama amenawa mikono. "Na wewe, ulilia?"

Fundi angeweza kubuni chochote, lakini uongo ulikuwa umemkauka mdomoni. Alikumbuka ile siku mezani, kijiko cha mkewe chini, na chake kikiendelea kwenda mdomoni.

"Sikulia," alisema.

"Hukulia."

"Nilikuwa nakula."

Ndipo bibi akainamisha kichwa. Kwa mzaha wote ule alikuwa amejikaza, lakini neno hili lilimfika. Mikono yake miwili ikakaa juu ya fimbo, moja juu ya nyingine, na Mama Kinasa akamshika bega, naye mwenyewe akilia kwa kuleta furaha iliyogeuka hivi.

Mwalimu akasogea. Kwa kanuni za chama, mti wenye uongo unateremshwa ukutani. Alinyoosha mkono kuibandua karatasi, na Fundi akamsaidia upande wa pili, akitamani waikunje haraka, ikunjike na yeye ndani yake.

"Uacheni," shangazi akasema bila kuinua kichwa.

"Mama, si kweli ulichoandikwa," Mwalimu akasema.

"Najua si kweli, maana ni mimi niliye hapa. Uacheni. Si mmesema mwenye mti ndiye anayeueleza? Wageni bado wanaingia. Aueleze."

Basi akaueleza. Mchana kutwa Fundi alisimama kando ya karatasi yake, na shangazi akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kisanduku chake. Walikuja majirani, wakaja wateja ambao aliwahi kuwazibulia mifereji, akaja mchuuza magazeti wa pale nje. Kila mmoja alianza kwa kusifu mistari. Na kila mmoja ilibidi aambiwe: huyu ni babu, huyu ni baba, na huyu ni shangazi yangu, aliyenilea. Nimemfunga akiwa hai. Huyu hapa kakaa.

Mara ya kwanza alisema, "Kulitokea kosa." Fimbo ikagonga sakafu. "Kosa halina miguu," shangazi akasema. "Nani alilileta?" Akarekebisha. Mara nyingine alijaribu kuharakisha, akamaliza na babu kwa maneno mengi na shangazi kwa neno moja. "Sikusikia," shangazi akasema, na mgeni akarudishwa. Haikuzoeleka. Alidhani jambo likirudiwa mara nyingi linakuwa jepesi, kama spana inavyouzoea mkono. Kila uso mpya ulimwangalia yeye, ukamwangalia bibi, ukarudi kwake, na kila mara shingo yake ilipata moto upya. Mkewe hakurudi mstari wa mbele. Alileta maji, akampa shangazi, akampita mumewe kama mtu anavyopita nguzo.

Chumba kilipobaki na viti, Mama Kinasa akaja kumchukua mgeni wake.

"Nitampeleka mimi," Fundi akasema.

Shangazi akamwangalia, uso, kisha viatu. "Unapajua?"

Alitazama sakafu. "Sipajui. Unakaa wapi siku hizi, shangazi?"

Lilikuwa swali lile lile alilolikimbia kwa mstari mmoja mfupi wa kalamu. Bibi alisimama, akajinyoosha mgongo, akaanza kutembea, na Fundi akafuata nyuma, mkewe akiwa mbele pamoja na shangazi, wameshikana mikono wanawake wawili waliokutana leo. Walipita nyuma ya soko, wakakata kona kwenye kinyozi, wakaingia kichochoro ambacho Fundi alishawahi kukipita na mkoba wake wa vifaa akienda kazini, mara nyingi tu. Hilo hakulisema.

Mlango ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya kijani. Shangazi akautoa kufuli, akamkaribisha mke. Fundi alipoinua mguu, fimbo ikamzuia kifuani, bila nguvu.

"Wewe leo utaishia hapa."

"Sawa, shangazi."

"Sijakufukuza. Nimesema leo."

"Nimesikia."

Mlango ukafungwa. Ndani alisikia kiti kikivutwa, na mkewe akiuliza kitu, na bibi akianza kujibu, maneno marefu yasiyo na haraka. Hakuweza kuyakamata. Watoto wa kichochoroni wakaja kumtazama mtu mzima aliyevaa shati zuri amesimama nje ya mlango. Mmoja akamuuliza, "Baba, unamdai huyu bibi?"

"Hapana," Fundi akasema. "Mimi ni mtoto wake."

"Mbona hatukujui?"

Fundi akabaki amesimama pale pale.