Picha Isiyo na Uzio

Nchi ya Tandavara ilikuwa imekatwakatwa na uzio mmoja wa seng'enge, mali ya mtawala wake, Mtukufu Kumbakumba, uliopita katikati ya mashamba, visima na makaburi ya watu kana kwamba Mungu aliumba waya kwanza, ndipo akakumbuka kuumba ardhi. Mawaziri, matumbo mbele, waliapa kuwa uzio ule ni mkubwa hata aliye mwezini angeuona. Wananchi walipiga makofi. Wangefanya nini? Mwenye nguvu mpishe.

Siwema hakupiga. Kaburi la mwanawe lilikuwa ndani ya seng'enge, na kwa miaka alilitazama likimezwa na magugu, asiweze kung'oa hata jani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tandavara haikuwa na hati za ardhi. Picha yoyote aliyoifunua mtawala uwanjani ndiyo iliyokuwa sheria: kilichomo ni halali, kisichomo hakipo. Naye hakuitazama kabla, kwani kuchungulia, walisema, ni tabia ya watumishi. Kwa hiyo wanaanga wake waliporudi kutoka mwezini na picha ya dunia, Kumbakumba aliifunua kwa mbwembwe mbele ya umati, na yeye akaiona pamoja nao.

Ilikuwa tufe dogo la buluu, limetandwa na mawingu, likielea gizani peke yake. Wengine walitokwa na machozi kwa uzuri wake. Wengine walinong'ona kuwa wametapeliwa. Siwema alisogea mbele.

"Mtukufu, uzio uko wapi?"

"Upo, mama. Macho yako ndiyo mabovu."

"Basi nionyeshe. Na kama haumo, niache nikampalilie mwanangu."

Watu wakaguna. Mtukufu akamwamuru mchoraji wa ikulu auchore uzio palepale. Walinzi wakamburura Siwema, wakamkalisha mavumbini. Alilia bila haya, maana alijua mstari mmoja tu wa rangi ungemfungia mwanawe milele.

Mchoraji alichovya brashi, akainama kwa adabu.

"Tandavara ni ipi hapa, Mtukufu?"

Kumbakumba alinyoosha kidole. Kikagusa bahari, kikahamia kwenye wingu, kikarudi baharini. Akawatazama mawaziri, mawaziri wakatazama viatu vyao. Rangi ilianza kudondoka kutoka kwenye brashi, na uwanja mzima, pamoja na walinzi waliosahau kumshika Siwema, ukawa unakitazama kile kidole kikitafuta nchi.