Kimya cha Mstari wa Saba

Mdundo ulikuwa wake, hilo hakuwa na shaka nalo. Mtunzi alisimama kwenye kona ya barabara, bahasha ya karatasi kwapani, akausikia ukitoka kwenye dirisha la kundi la mpinzani wake, Masharubu: mapigo manne ya haraka, mawili ya kujivuta, kimya kidogo, kisha moja zito. Ni mstari wa saba wa utunzi wake mpya, haukubadilishwa hata nukta. Aliuandika Jumatatu, akawagawia wenzake Jumatano. Leo Ijumaa, tayari uko kwa watu.

Onyesho lilikuwa baada ya siku kumi na mbili, makundi yote mawili jukwaa moja, na Masharubu ndiye wa kwanza kupanda. Wakiupiga wao kwanza, nani atamwamini yeye? Ataitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe.

Wenzake walikuwa watatu tu. Nesi, mpiga matoazi, ni mtu wa kazini na nyumbani, hana muda wa umbea. Fundi saa, wa ngoma ndogo, hata salamu huitoa kwa kubana. Akabaki mdogo wake, mpiga marimba, toka nitoke wake, na huyo mwezi uliopita alionekana kwenye duka la ngozi za ngoma akicheka na Masharubu mpaka anashika mbavu. Mtu gani anacheka hivyo na mpinzani? Mtunzi alijiambia hawezi kumshuku mtu waliyetoka naye tumbo moja, na papo hapo akamshuku.

Alikusanya karatasi za awali, akauandika upya mstari wa saba mara tatu, kila mtu na wake. Wa nesi aliuongezea pigo moja. Wa fundi saa, kimya akakisogeza mbele kidogo. Wa mdogo wake aliuvuruga kabisa, ili ukisikika popote ujulikane. Ule wa kweli nao aliurekebisha, kimya akakirefusha, ila huo hakuuandika mahali, aliuweka kichwani. Kisha akawa anawafundisha mmoja mmoja, kwa kisingizio kwamba kazi haijakamilika.

"Dada, mbona hatukutani wote?" mdogo wake aliuliza.

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Jumanne akarudi kwenye ile kona, masikio kayatega. Manne, mawili, kimya. Kimya kirefu. Pigo.

Si wa nesi, si wa fundi, si wa mdogo wake. Ulikuwa ule wa kichwani.

Akaingia bila hodi. "Huo mdundo umeutoa wapi?"

"Kwako, dada!" Masharubu alishangaa. "Si unakaa pale kwa mke wangu ukisubiri gauni lako la onyesho? Kila ukija unaugonga kwenye meza yake ya kukatia nguo. Nikakuuliza, huu wa nani? Ukanijibu, upi?"

"Mimi?"

"Kwa vidole vyote kumi. Jumamosi ukaja na kimya kirefu, nikasema afadhali, sasa umekaa sawa." Akaweka vijiti chini. "Kama ni wako, chukua. Sisi tunaupashia mikono moto tu."

Aliona aibu, lakini mwili ulikuwa mwepesi. Hakuna mwizi! Mbio mbio hadi chumba cha mazoezi, akafungua mlango, akawakuta wote watatu. Kwa kuwa siku zinakwisha, walikuwa wameamua kukutana wenyewe ili wampunguzie kazi. Walipofika mstari wa saba walikuwa wamegongana kama sufuria zinazoanguka, mara tatu. Sasa karatasi zao zilikuwa zimelazwa sambamba juu ya ngoma kubwa.

Nesi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Fundi saa alikuwa anafuta kijiti kisicho na vumbi.

"Tulidhani umekosea kunakili," mdogo wake alisema. "Wewe, unayenuna siku nzima kwa nukta moja! Ndipo tukaelewa: ulikuwa unatutega, ujue nani anautoa mdundo nje." Akaweka kidole kwenye karatasi yake. "Wangu ndio umevurugwa kuliko yote. Kwa hiyo mwizi nilikuwa mimi."

Mtunzi aliwaeleza yote, hadi meza ya kukatia nguo. Akaomba radhi, akaomba tena. Fundi saa alicheka kidogo kwa ile meza. Mdogo wake hakucheka.

"Haya, tupige," alisema tu.

Akawaandikia ule wa kweli, naye akashika ngoma kubwa. Kimya cha mstari huo hakikuwa na hesabu, alikitunga hivyo makusudi: ngoma kubwa na marimba wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja, wanaingia pamoja. Tangu utotoni wao wawili hawakuwahi kukosea kwenye kimya cha namna hiyo. Wakafika. Wakanyamaza. Mtunzi akainua macho kumtafuta mdogo wake, akaona utosi tu. Macho yalikuwa kwenye karatasi. Ngoma ikalia peke yake, marimba ikafuata nyuma.

Wakarudia. Ikawa vilevile.

"Niandikie namba, dada," mdogo wake alisema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Nihesabu tatu au nne, vyovyote. Kukutazama siwezi."

Mtunzi alichukua penseli, akainama, na juu ya kile kimya akaandika nne.