Mteja Hakuwepo Nyumbani

Jumanne asubuhi Glenys Hollick aliweka simu juu ya meza ya jikoni, akawasha spika, akaendelea kumenya viazi. Muziki wa kusubirisha watu ulikuwa ukipigwa tangu chai ya kwanza. Hapa Murtoa, mji wetu mdogo wa Australia, kila mtu anaujua muziki huo. Beryl wa nyumba ya pili huuimba akifagia.

Mwishowe alipokea msichana aitwaye Rowena, aliyekuwa kazini huko Manila, akaomba kuzungumza na mwenye akaunti.

"Mwenye akaunti ni mume wangu, Clarrie," Glenys alisema. "Amefariki, mwanangu. Mwaka jana, wakati wa baridi."

"Pole sana, mama. Ila akaunti ina jina lake, siruhusiwi kuzungumza na mtu mwingine. Yupo karibu?"

Glenys alishaulizwa swali hilo na wenzake wengi wa Rowena, na kila mara alilia au alikata simu. Siku hiyo alikuwa amechoka tu. "Ngoja nimwite," alisema. Akafungua mlango wa nyuma, akaita kuelekea makaburini kwa sauti ileile ya kumwitia chakula, "Clarrie! Simu yako!"

Clarrie aliingia akijipangusa miguu kwenye mkeka. Alikuwa na suti ya kahawia na soksi bila viatu, kwa kuwa watu wa mazishi walisema viatu si lazima.

"Nani?"

"Watu wa intaneti."

"Bado tu?" Clarrie akavuta kiti chake, akakaa. Alitaja tarehe yake ya kuzaliwa na jina la ukoo la mama yake. Rowena alimshukuru, akasema amemthibitisha.

Mambo ya faiba, hiyo intaneti ya nyuzi za kioo, kwetu yako hivi, na ukiyaelewa mara moja basi hukusikiliza vizuri. Kuna kampuni yenye nyaya zilizofukiwa ardhini, na kuna wauzaji chungu nzima wanaokuuzia kinachopita ndani ya nyaya hizo. Mwenye nyaya haongei na mteja, huongea na muuzaji. Muuzaji huongea na mteja, lakini hagusi nyaya. Likiharibika jambo, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole, na mteja hubaki katikati na muziki wake.

Tarehe ya mtaa wao kuhamia faiba ilipofika, laini ya zamani ya simu, ile ya waya wa shaba, ilikatwa. Fundi wa faiba alitakiwa kuja siku hiyohiyo. Clarrie alimsubiri barazani tangu asubuhi na kofia yake kichwani, na hata chooni alikwenda mbio asije akapitwa. Hakuja mtu. Jioni uliingia ujumbe: fundi wetu alifika, mteja hakuwepo nyumbani. Wakapangiwa tarehe nyingine, ya mbali. Katika kungoja huko, kitufe cha dharura ambacho Clarrie alikivaa shingoni kwa ajili ya moyo wake hakikuwa na laini ya kupitisha wito. Hakuna aliyewaambia. Alianguka bafuni Glenys akiwa klabuni, akicheza na wenzake ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Glenys aliporudi alimkuta amelala sakafuni, kidole gumba kikiwa bado juu ya kitufe.

Baada ya mazishi faiba haikuja tena, kwa sababu mwenye akaunti hakupatikana. Na Glenys hakuwa na haja na intaneti. Alichotaka ni mtu mmoja, yeyote yule, aseme: tulikata kabla ya kuunganisha, na hatukukuambieni.

Clarrie ndiye aliyeuliza. "Binti, nina swali dogo. Nani alikata shaba kabla faiba haijaingia?"

"Naomba nilipeleke kwa wahusika, baba. Nitafungua kesi ya malalamiko. Kesi ikiwa wazi, mwenye akaunti tafadhali asiwe mbali."

Kwa hiyo Clarrie alibaki.

Alikaa jikoni karibu na simu. Hakula, ila alipenda kushika kikombe cha chai mpaka kipoe. Usiku alilala upande wake wa kitanda, na Glenys akaongeza blanketi kwa sababu ya baridi yake. Beryl alipokuja kuazima mayai alimtazama juu mpaka chini.

"Umekonda, Clarrie."

"Nawe ngoja zamu yako, tutaona kama utanenepa."

Beryl alicheka, akachukua mayai yake, akaenda zake.

Rowena alipiga simu kila siku. Muuzaji alisema kukata laini ni kazi ya mwenye nyaya. Mwenye nyaya alisema alimwarifu muuzaji mapema, na kumwarifu mteja si kazi yake. Siku moja Clarrie alimwomba Rowena aseme yeye mwenyewe anavyoona. Nyuma yake zilisikika sauti za wenzake wengi wakiomba radhi kwa watu wengine.

"Nasikitika kwa usumbufu, baba," alisema. "Ndiyo sentensi tuliyopewa."

Glenys naye alikuwa na jambo lake, na aliliona aibu. Alianza kuomba kesi isifungwe. Rowena akichelewa kupiga, Glenys alifurahi moyoni. Usiku mmoja alimwambia mumewe, "Usiwabane sana. Waache wachelewe. Mimi naweza kuishi hivi."

"Glen," alisema Clarrie, "mimi sikuja kukaa. Niliitwa kwenye simu. Nataka nisikie mtu akisema, kisha nikalale."

"Na mimi je?"

Clarrie alimshika mkono. Glenys alilia sana usiku ule, na mkono ule haukumtia joto hata kidogo.

Badala ya jibu, walipewa fundi. Siku ya miadi Clarrie alikwenda barazani kabla ya jua kuchomoza, akakaa kwenye kiti kilekile na kofia ileile, ili asipatikane wa kusema hakuwepo. Safari hii gari lilisimama. Fundi alikuwa kijana aitwaye Jagdeep, mwenye kilemba cha bluu.

"Shikamoo, mzee. Viatu viko wapi, na sakafu ni baridi hivi?"

"Walinizika bila viatu."

"Haya mambo ya wakandarasi," alisema Jagdeep, akafungua sanduku lake la vifaa.

Alifanya kazi vizuri. Alifunga uzi mpya wa kioo kwenye ncha ya shaba ya zamani, akaivuta shaba itoke upande wa pili, nayo ikauvuta uzi mpya kupita njia yake. Shaba ilikuwa imejikunja kwenye nyasi wakati Glenys alipomletea chai. Jagdeep akaiweka chai kwenye ukingo wa dirisha, akaunganisha kisanduku cha faiba, na mwisho kisanduku kinachopitisha wito wa kile kitufe. Taa ikawa ya kijani.

Hakuna aliyebonyeza kitu. Kitufe chenyewe kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wa bafuni tangu mazishi. Lakini kisanduku kililia mara tatu, na sauti ya mwanamke ikatoka.

"Bwana Hollick, tumepokea wito wako. Uko salama?"

Ulikuwa wito wa mwaka jana. Ulikuwa bado unangoja laini.

Clarrie aliinama karibu na kisanduku. "Nimeanguka bafuni," alisema. "Kifua kinaniuma. Mke wangu yuko klabuni. Mpigieni taratibu, msimtishe."

"Tulia hapohapo, bwana. Gari la wagonjwa linakuja."

"Asante, dada." Clarrie akavua kofia, akampa Glenys. "Wacha niende nikalale kule, wanikute walipoambiwa." Akatembea na soksi zake mpaka bafuni, akafunga mlango.

Wauguzi wawili walifika. Glenys alikitazama kikombe cha Jagdeep pale dirishani. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Mwaka mzima watu walimwambia kwamba hata gari lingeitwa lisingewahi, naye alijilazimisha kuamini ili apate usingizi. Sasa alijua lingewahi. Alijua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Wauguzi walifungua mlango wa bafuni. Sakafu ilikuwa tupu. Mmoja aliarifu redioni, kwa heshima, kwamba mgonjwa hayupo nyumbani, kisha wakaondoka.

Jioni Rowena alipiga simu. Faiba inafanya kazi, kesi imefungwa. Kuhusu swali la baba, kumbukumbu zinaonyesha kuwa fundi alifika siku ile na mteja hakuwepo. "Naweza kumsomea mwenye akaunti matokeo, mama?"

Glenys alifungua mlango wa nyuma, akaita. Akaita tena. Kisha akarudi, akakata simu bila kusema neno, akavaa ile kofia, akaenda kukaa barazani kwenye kiti cha Clarrie. Beryl alimpigia kelele kutoka kwake kwamba atapata mafua.

"Nipo," Glenys alisema. "Andikeni kwamba nipo."